Namba ya kidoleni: jinsi ya kupima na kusoma oksijeni ya mgonjwa nyumbani

Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika mtaa mzima kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa na zamu ya kulala chumba kimoja na Mama. Saa nane akanigongea mlango: "Dada, Mama anahema vibaya. Lakini nimempima, yuko 98."

Niliingia na tochi ya simu. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kimashine kilikuwa bado kidoleni, tarakimu nyekundu zinawaka gizani. Nikazunguka nikakaa ubavuni kwake, nikakisoma kutoka upande wake. Haikuwa 98. Ilikuwa 86.

Andika 86 kwa tarakimu za saa ya mezani, halafu geuza karatasi juu chini: utapata 98. Mchana huwezi kukosea kirahisi kwa sababu kuna maandishi madogo pembeni, lakini gizani maandishi hayo hayaonekani, zinabaki tarakimu peke yake. Mdogo wangu alisoma sawasawa alichokiona, ila alikuwa amesimama upande usiofaa. Mama alilazwa usiku uleule akawekewa oksijeni, na baada ya siku tano tukarudi naye nyumbani.

Mama ana mapafu yaliyochoshwa na moshi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, kijijini kwetu upande wa Mvumi. Huu ni mwaka wa nne namuuguza. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa wauguzi na madaktari waliokuwa na subira ya kunieleza, na mengine nimeyajua kwa kukesha. Nayaandika kwa sababu vimashine hivi vimeingia majumbani kwa wingi tangu wakati wa UVIKO-19, na wengi tumepewa kimashine bila kufundishwa namna ya kukisoma.

Kwanza jua kinapima nini

Kimashine chenyewe kinaitwa oksimita. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Ichukulie himoglobini kama viti vya daladala. Namba iliyoandikwa SpO2 inakuambia kwamba katika kila viti 100, vingapi vina abiria. Ukiona 97, viti 97 vimekaliwa. Haikuambii daladala zilizo barabarani ni ngapi. Ushike mfano huo, tutauhitaji mbele.

Kinahesabuje? Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya mwanga usioonekana kwa jicho. Upande wa pili kuna kipokezi. Damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba hazinywi mwanga kwa namna moja, hivyo kimashine kinalinganisha mwanga uliofika ng'ambo. Shida ni kwamba kidole kina pia ngozi, nyama, mfupa na kucha. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani ndiye aliyepata ufumbuzi, mwaka 1974. Alikuwa akijaribu kupima jambo jingine la moyo kwa kutumia mwanga, na mapigo ya damu yakawa yanamvurugia kazi. Alipokuwa akihangaika kuyaondoa ndipo akang'amua kwamba katika kidole kizima kinachodunda ni damu ya ateri tu, ile inayotoka moyoni, kwa hiyo kinachodunda ndicho cha kupima.

Ukilielewa hilo, nusu ya makosa ya nyumbani utayaepuka. Oksimita inategemea mapigo. Kidole kikiwa cha baridi, kikitetemeka, au damu ikiwa haifiki vizuri, namba inayotoka ni ya kubahatisha.

Kununua

Nunua duka la dawa linalokupa risiti na kukubali kurudishiwa, na uliza kama kifaa kinatambuliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba. Jaribu papo hapo dukani. Kibanie kwenye kalamu ya risasi: kikikupa 98 ya kalamu, kiache. Kisha kibanie kwenye kidole chako, tulia dakika moja, uone kama mapigo kinayoyaonyesha yanalingana na unayoyahesabu mkononi. Saa za mkononi zinazodai kupima oksijeni zisikupe uamuzi wowote kuhusu mgonjwa.

Mpime akiwa mzima

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Chukua daftari, mpime mtu wako asubuhi na jioni kwa wiki moja akiwa katika hali yake ya kawaida, uandike tarehe, saa na namba. Mtu mzima mwenye mapafu mazima husoma kati ya 95 na 100. Mama yangu, katika siku zake nzuri kabisa, husoma 92 au 93. Hiyo ndiyo namba yake. Jirani akiiona atashtuka, mimi sishtuki. Lakini nikimkuta na 89 nashtuka, ingawa kwa mgonjwa mwingine wa mapafu sugu daktari anaweza kusema 89 inamtosha. Wagonjwa wa aina hii wengi hupangiwa na daktari kukaa kati ya 88 na 92. Muulize daktari wako namba ya mtu wako, uiandike kwenye jalada la daftari kwa maandishi makubwa.

Utasikia wakisema namba iko chini "kwa sababu ya mwinuko". Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, lakini tofauti hiyo haimshushi mtu mwenye afya hadi 90. Usikubali mwinuko uwe kisingizio cha kumwacha mgonjwa kitandani.

Andaa mkono

Juni na Julai asubuhi za Dodoma zina baridi na upepo mkavu, na vidole vya wazee huwa kama vimetoka kwenye friji. Siku moja nilipata 71 kwa Mama ilhali anakunywa uji na kunisimulia habari za shangazi. Nilimshikisha kikombe cha chai ya moto, nikamsugua viganja, baada ya dakika tano ikasoma 93. Kwa hiyo pasha mkono kwanza.

Futa rangi ya kucha, hasa nyeusi, bluu na kijani, na bandua kucha za bandia. Hina iliyokolea na piko nyeusi zinaweza kuzuia mwanga pia. Kama mgonjwa ametoka harusini na vidole vyote vimepakwa, geuza kimashine kikae ubavuni mwa kidole ili mwanga usipite kwenye kucha. Usipimie nje kwenye jua kali, maana jua linaingia kwenye kipokezi. Na usipime mkono uleule unaopimwa presha kwa wakati huohuo: mpira ukijaa, damu inazuiwa isifike kidoleni.

Pima

Mkalishe mgonjwa atulie dakika tano. Kama ametoka chooni au amepanda ngazi, subiri. Chagua kidole cha kati au cha shahada, kiingie mpaka mwisho, kucha ikitazama juu. Mkono ulale juu ya meza au kifuani, usining'inie. Asiongee, asicheze na simu.

Namba ya kwanza kutokea iache ipite. Inaruka: 88, 91, 94, 93. Acha kimashine dakika nzima, uandike ile iliyotulia bila kubadilika kwa sekunde kama tano. Wakati unasubiri, weka vidole vyako viwili kwenye mshipa wa mkono wake, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo. Kwenye kioo kuna namba ya pili yenye herufi PR, nayo ni mapigo ya moyo kwa dakika. Kama kimashine kinasema 120 na wewe umehesabu 80, basi hakijaupata mdundo vizuri, na SpO2 yake usiiamini. Badilisha kidole, rudia.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Wapo wanaochanganya namba hizo mbili, wakaona PR 98 wakadhani ndiyo oksijeni. Vimashine vingine huonyesha pia PI, inayoeleza nguvu ya mdundo kidoleni. Ikiwa ndogo sana, chini ya 1, pasha mkono upya kabla ya kuamini chochote.

Soma daima kutoka upande wa mgonjwa. Mimi nimebandika kipande cha plasta juu ya kimashine, nikachora mshale kwa kalamu ya wino kuelekea inakotakiwa kuwa sehemu ya juu ya namba. Plasta inaonekana hata gizani kwa sababu ni nyeupe. Mdogo wangu sasa huigusa kwanza kabla ya kusoma.

Hesabu pumzi

Hakuna kimashine cha nyumbani kinachofanya kazi hii vizuri kuliko macho yako. Fungua saa ya simu, tazama kifua au tumbo, hesabu kila linapopanda kwa dakika nzima. Usimwambie mgonjwa unachohesabu, atabadilisha pumzi bila kukusudia. Mimi hujifanya bado nampima mapigo.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Ikizidi 24 kuna jambo, na ikifika 30 ni dharura, hata kimashine kikisema 96. Mwili unaweza kuilinda namba kwa muda kwa kuhema kwa nguvu. Anayehema hivyo anachoka, na akichoka namba huporomoka kwa mkupuo. Angalia pia kama anaweza kumaliza sentensi bila kukatisha kuvuta hewa, kama nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani, kama amechanganyikiwa au analala kupita kiasi. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute ubluu usoni. Fungua mdomo utazame ulimi na ufizi, kisha vitanda vya kucha: vikiwa vya kijivu au bluu, ondokeni.

Amua

Anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke. Unakwenda tambarare muda mrefu, halafu barabara inazama ghafla. Oksijeni ya damu ina umbo hilo. Kutoka 100 hadi 90 na kitu mwili bado uko tambarare. Ukivuka 90 kwenda chini, uko kwenye mteremko, na kila hatua ndogo ya mapafu inaangusha namba nyingi. Ndiyo maana mstari huwekwa kabla ya mteremko.

Kwa mtu asiye na ugonjwa sugu wa mapafu, 95 na kwenda juu ni sawa, mradi pumzi na hali yake ni sawa. 93 au 94: pasha mkono, pima tena baada ya dakika kumi kwa kidole kingine. Ikibaki hapo na mtu ana homa, kikohozi au kichomi, aonwe siku hiyohiyo, msisubiri kesho. 92 au chini: nendeni hospitali sasa. Chini ya 90 ni hatari, anahitaji oksijeni. Kwa mwenye mapafu sugu tumia namba yake ya siku zote: ikishuka kwa 3 au zaidi na kubaki hapo, ndiyo saa ya kuondoka, na mapema zaidi kama anahema kuliko kawaida.

Mjamzito asisubiri 92. Akiwa chini ya 95 huku anahema au ana homa, apelekwe. Kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga kuna namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, haina malipo.

Kimashine cha mtu mzima hakifai kwa mtoto mchanga. Kidole chake ni chembamba, taa na kipokezi havikutani vizuri, na unachopata ni namba ya uongo ya kutisha au ya kutuliza. Kwa watoto hesabu pumzi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Mtoto anayekohoa na kuhema hivyo apelekwe kituo cha afya, na kama mbavu zinaingia ndani au hawezi kunyonya, mbio.

Namba nzuri zinazodanganya

Rudi kwenye daladala. Oksimita ni kama konda anayehesabu vichwa tu, haulizi nani ni nani. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo huvamia viti vya himoglobini na kukalia mahali pa oksijeni, na kwa mwanga wa kimashine inafanana sana na oksijeni. Mtu anakufa kwa kukosa hewa huku kidoleni pameandikwa 98. Usiku wa baridi hapa kwetu watu bado wanaingiza jiko chumbani wafunge madirisha kwa sababu ya upepo. Naomba kwa dhati, msifanye hivyo. Na mkiamka watu wawili au watatu wa nyumba moja mna maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, msipoteze hata dakika kwa kupima. Tokeni nje, halafu nendeni hospitali mkaseme kulikuwa na jiko ndani.

Upungufu wa damu ni udanganyifu wa aina nyingine. Daladala zikiwa tatu badala ya kumi, zote zikajaa, konda atasema viti vimejaa asilimia 97. Abiria waliofika mjini ni wachache hata hivyo. Mtu mwenye damu kidogo, mtoto mwenye malaria kali, mama aliyetokwa damu nyingi, anaweza kusoma 99 na bado akawa taabani. Kwa mgonjwa wa selimundu namba nayo haitoshi. Maumivu ya kifua na homa kwake ni safari ya hospitali.

Pumu pia. Katika shambulio kali namba inaweza kukaa 95 kwa muda. Kama hawezi kusema maneno matano kwa pumzi moja, au kifua kilichokuwa kikipiga mluzi sasa kimenyamaza huku yeye anazidi kulegea, mpe pampu yake kama daktari alivyomwelekeza, mkiwa tayari njiani.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha oksimita na damu ya ateri iliyopimwa maabara. Pale kimashine kiliposema 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi karibu vipimo 12 katika kila 100 vilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe havikufika 4. Rangi ya ngozi inaingilia mwanga, na kosa huelekea upande wa kutuliza. Zaidi ya hapo, kifaa chochote cha nyumbani kinaweza kupishana na damu halisi kwa pointi mbili hadi nne. Ndiyo sababu nawaambia ndugu zangu: 93 ya kidole cheusi ichukulieni kama inaweza kuwa chini ya hapo, na mtazame mwelekeo. Aliyekuwa 97 Jumatatu, 95 Jumanne na 93 leo anashuka, hata kama hakuna namba moja kati ya hizo iliyowatisha.

Mkiondoka

Mgonjwa akae wima garini, aegemee mbele kidogo akitaka, asilazwe chali. Fungueni madirisha. Bodaboda haifai kwa mtu asiyeweza kujishikilia. Tafuteni bajaji au gari ili mtu akae naye nyuma. Msimwekee oksijeni ya mtungi wa kuazima kwa jirani. Kwa wagonjwa kama Mama oksijeni ya kupita kiasi inadhuru, na mtungi wa oksijeni karibu na jiko ni moto mkubwa unaosubiri.

Mkifika mapokezi msianze na historia ndefu. Sema: "Anahema pumzi 34 kwa dakika, oksijeni 86, kawaida yake ni 93, imeanza tangu saa mbili usiku." Mpe nesi daftari. Mgonjwa akishatulizwa, omba ruhusa uweke kimashine chako kwenye kidole cha mkono mmoja wakati chao kiko kwenye mwingine, uone vinapishana kwa pointi ngapi, uandike tofauti hiyo juu ya plasta.